Laptopu inarusha skrini ya bluu kila mara, kodi za kosa hubadilika badilika, nimepiga Windows upya lakini wapi

Kitasa

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada. Laptopu yangu inatumia Windows 11, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ni GB 16 (8 zimechomelewa kwenye mazabodi, 8 ni kijiti kilichoongezwa baadaye), diski ni SSD ya NVMe. Inapiga kazi vizuri tu, ghafla skrini inageuka bluu, inahesabu asilimia, halafu inajiwasha yenyewe. Kuna siku inashinda bila tatizo, na kuna siku inaanguka ndiyo kwanza nimefungua kivinjari.

Kodi nilizofanikiwa kuzipiga picha kwa simu ni MEMORY_MANAGEMENT, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kila ninayemuuliza ananiambia piga Windows upya. Nimepiga. Ikatulia kidogo, ikarudi palepale. Mmoja anasema ni virusi, mwingine anasema mazabodi ndiyo inakufa. Humu ndani kuna kazi ya watu na tarehe ya kuikabidhi inakaribia. Nianzie wapi?

Upepo

Pole mkuu. Hiyo ni draiva tu, ile programu inayoiunganisha Windows na kifaa. Shusha programu ya kutafuta draiva, iambie isasishe zote kwa mkupuo, imeisha hiyo.

Fundi Saketi

Upepo, hapo naomba nikupinge. Programu za kusasisha draiva zote kwa mpigo mara nyingi huweka draiva inayofanana na chipu bila kujali mtengenezaji wa laptopu alibadilisha nini kwenye modeli hiyo. Mtu anaingia na tatizo moja, anatoka na matatu, na ushahidi wa lile la kwanza umeshafutika. Draiva zichukuliwe kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu, kwa namba kamili ya modeli, moja baada ya nyingine.

Kitasa, kwanza nakili kazi yako kwenye diski ya nje sasa hivi. Kama una nakala ya zamani, usiiandike juu. Weka mpya pembeni yake. Sababu utaiona mbele.

Halafu usipige Windows tena. Skrini ya bluu siyo ugonjwa wenyewe. Kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya Windows inayoshika kumbukumbu, diski na vifaa vyote, imegundua jambo ambalo halipaswi kutokea kabisa, na imeamua kusimama kabla haijaandika takataka kwenye faili zako. Programu ya kawaida ikikosea, Windows huifunga peke yake na wewe unaendelea. Lakini draiva nyingi zinaishi ndani ya kerneli, na humo hakuna wa kuzifungia mlango. Mtakumbuka Julai 19, 2024: faili moja bovu la apdeti ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, kwa sababu programu ile ya ulinzi ilikuwa na draiva ndani ya kerneli. Hakuna kompyuta iliyoharibika siku ile. Faili lilipofutwa kupitia Safe Mode, ile hali ya kuwasha Windows na vitu vichache tu, mashine ziliamka.

Kwa hiyo kila ukiona bluu, kerneli imetoa ushahidi. Kazi yetu ni kuusoma, na ushahidi mmoja hautoshi. Kodi moja inaweza kutokana na mambo kumi. Kinachosema kweli ni mwenendo wake. Kodi ileile ikirudi na draiva ileile ikitajwa, ishuku draiva hiyo. Kodi zikiwa zinabadilika kila mara, leo kumbukumbu, kesho kivinjari, keshokutwa mfumo wa faili, na hakuna jina linalojirudia, hapo fikiria kifaa chenyewe, na RAM iwe ya kwanza kwenye orodha. Biti moja ikigeuka mahali pasipotabirika, chochote kilichokuwa kimekaa pale ndicho kinachoanguka, na kila siku anakaa mwingine.

Kodi zako tatu zinanipa wasiwasi wa aina hiyo. Na tatizo kurudi baada ya kupiga Windows linaongeza uzito, ingawa halithibitishi, maana huenda umerudishia draiva zilezile. Nenda kwenye C:\Windows\Minidump, folda ambamo Windows huandika taarifa za kila ajali, uniambie kuna faili ngapi na za tarehe zipi.

Kitasa

Nimefungua, folda haina kitu kabisa.

Zumaridi

Kitasa, una programu yoyote ya kusafisha kompyuta? Nyingi hufuta hizo faili kwa kuziona uchafu.

Kitasa

Ndiyo dada, ninayo moja, na inajiendesha kila ninapowasha mashine.

Fundi Saketi

Asante Zumaridi, umegonga penyewe. Kitasa, iondoe hiyo.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia kichupo cha Advanced, bofya Settings ya tatu, ya chini kabisa. Ondoa tiki kwenye Automatically restart ili skrini isikukimbie kabla hujaisoma. Kwenye aina ya faili chagua Small memory dump. Hakikisha pia hujazima faili la kurasa, pagefile, kwenye diski C, kwa sababu Windows ikianguka hupitishia ushahidi humo kwanza. Wapo wanaolizima ili kuokoa nafasi kwenye SSD, halafu wanashangaa folda kuwa tupu.

Angalia na ile asilimia. Ikikwama kwenye 0% na baadaye hakuna faili lolote lililoandikwa, inawezekana diski yenyewe ilipotea wakati wa ajali, kerneli ikakosa pa kuandikia. Hiyo ni dalili ya SSD au ya mahali ilipochomekwa. Yako inapanda?

Kitasa

Inapanda hadi 100 vizuri.

Fundi Saketi

Vizuri, basi tuiache SSD pembeni kwa sasa. Endelea na kazi, na ikianguka usipige teke chochote. Zikipatikana faili kama tatu hivi, shusha WinDbg, programu ya kusoma faili hizo za ajali, kutoka Microsoft Store, ni ya bure. Ifungue kama msimamizi, fungua faili la .dmp, subiri ipakie, kisha andika

!analyze -v

Itamwaga maneno mengi. Tafuta mistari mitatu: MODULE_NAME, IMAGE_NAME na PROCESS_NAME. Hiyo tu. Ukiona ntoskrnl.exe usikimbilie kuilaumu. Hiyo ni kerneli yenyewe, na mara nyingi inatajwa kwa sababu ndiyo iliyogundua ajali, siyo kwa sababu ndiyo iliyosababisha. Watu wengi wamefuta Windows nzima kwa kosa la kumkamata aliyepiga simu polisi.

Ukiona jina la draiva ya kampuni nyingine, kwa mfano ya Wi-Fi, ya kadi ya picha au ya antivirasi, andika lmvm ikifuatiwa na jina hilo bila .sys, utaona njia ya faili na tarehe yake.

Nahodha

Naomba kudandia uzi. Yangu haibadiliki, kila mara ni DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, na inatokea nikifunga kifuniko na kukifungua tu. Nikiwa kazini haijawahi kuanguka. Nayo ni RAM?

Fundi Saketi

Hapana Nahodha, wewe uko upande wa pili kabisa. Kodi moja, wakati mmoja: hiyo ni draiva. Hiyo ni 0x9F. Maana yake Windows ilikiambia kifaa fulani kilale au kiamke, draiva yake haikumaliza kazi kwa muda uliowekwa. Kwenye laptopu anza na Wi-Fi, Bluetooth na kadi ya picha. Soma faili za Minidump kama nilivyomweleza Kitasa, mara nyingi jina hutoka wazi. Weka draiva ya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti, ingia Device Manager urudishe ile ya zamani kwa Roll Back Driver.

Wakati unahangaika na hilo, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike powercfg /h off. Hiyo inazima Fast Startup pamoja na kulala kwa muda mrefu (hibernate). Watu wengi hawajui kwamba Fast Startup ikiwa imewashwa, ukibofya Shut down kerneli haizimwi kweli; hali yake huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ukiwasha. Draiva iliyovurugika jana inaamka nayo leo. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa.

Upepo

Fundi nimekuelewa kuhusu draiva. Ila mbona laptopu ya ndugu yangu skrini inakuwa nyeusi, siyo bluu? Na haina ule uso wa huzuni.

Fundi Saketi

Ni kitu kilekile. Mwaka 2025 Microsoft walibadilisha muonekano kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Sasa ni nyeusi, uso umeondolewa, lakini kodi na jina la draiva vipo chini. Hatua za kuchunguza hazijabadilika hata moja.

Kwa kuwa tumefika kwenye rangi: kuna ukurasa wa bluu wa kitapeli unaojaza kivinjari, una sauti, na unakupa namba ya simu ya kupiga. Skrini ya kweli haina namba ya simu na haitakuomba malipo. Kama panya bado anatembea, kandamiza Esc kwa muda au funga kivinjari kwa Alt+F4, na usimpigie mtu.

Kitasa

Nimerudi. Faili zimepatikana. La kwanza linasema ntoskrnl.exe, PROCESS_NAME ni kivinjari. La pili IMAGE_NAME imeandikwa memory_corruption. La tatu ni Ntfs.sys (ya mfumo wa faili), na kodi safari hii ni mpya, sikuwahi kuiona. Yaani kila moja na lake.

Zumaridi

Kabla ya kufungua mashine, tazameni upande wa joto na umeme pia. Nimewahi kuona watu wanabadilisha RAM kumbe tatizo ni feni.

Fundi Saketi

Hoja ya haki, na kuna namna ya kuyatenganisha. Joto kali kwenye laptopu kwa kawaida hupunguza kasi kwanza, kisha mashine huzimika pu, bila bluu wala ujumbe. Kitasa, andika eventvwr kwenye Run (Windows pamoja na R), ingia Windows Logs, System, tafuta Kernel-Power namba 41. Tukio hilo lenyewe linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri, watu hulitazama wakidhani ndiyo sababu. Ingia kwenye Details usome BugcheckCode. Ikiwa 0, hakuna bluu iliyorekodiwa: elekea kwenye umeme, betri, chaji, joto. Ikiwa na namba, ni kodi ya ajali iliyoandikwa kwa desimali: 26 ni MEMORY_MANAGEMENT, 80 ni PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, 10 ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

Tazama humohumo kama kuna WHEA-Logger, chanzo kinachorekodi makosa ya vifaa. Huyo ni kifaa kinachojishtaki chenyewe, prosesa au njia ya PCIe inayounganisha vifaa vya ndani. Akiwepo pamoja na kodi ya WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, hapo Zumaridi yuko sahihi: safisha feni, rudisha mipangilio yoyote ya kuongeza kasi au kupunguza volti, na uangalie kama kuna toleo jipya la BIOS, ile programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows.

Kitasa

BugcheckCode ni 26, 10, 80 na nyingine moja. WHEA hakuna hata moja.

Fundi Saketi

Basi tuingie kwenye RAM.

Windows ina kipimo chake: andika mdsched, itajiwasha upya na kupima. Wakati inapima bonyeza F1, chagua Extended, kisha F10. Ikikuta kosa, iamini. Isipokuta, usiiamini sana. Ni nyepesi, na RAM yenye kosa la kujitokeza mara mojamoja huipita. Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye MemTest86. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, inapima nje ya Windows kabisa, kwa hiyo draiva haziwezi kuingilia. Toleo la bure linakupa mizunguko minne, iache yote imalize, hata usiku kucha. Hakuna kosa dogo hapa. Mstari mmoja mwekundu unatosha kusema kumbukumbu haiaminiki.

Jambo moja kabla hujagusa BIOS ili iwake kwa flashi. Angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo, laptopu nyingi za Windows 11 huja hivyo bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mambo ya BIOS inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo faili zako zimefungwa ndani. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft, uandike ufunguo kwenye karatasi. Fanya hivyo kwanza, tafadhali.

Nahodha

Mimi nimesikia habari ya Driver Verifier, kipimo cha draiva kilichomo ndani ya Windows. Kwa nini usimpe hiyo?

Fundi Saketi

Kwa sababu ni dawa kali na kwake haijafika zamu yake. Inabana draiva kwa makusudi ili iliyo mbovu ianguke hadharani. Kwenye RAM mbovu itaangusha asiye na hatia. Wewe Nahodha huenda ukaihitaji kama Minidump zako hazitaji jina. Ukiitumia, chagua draiva zisizo za Microsoft tu, tengeneza restore point (alama ya kurudishia mfumo) kwanza, na ujue njia ya kutoka: mashine ikigoma kuwaka mara mbili tatu mfululizo itafungua ukurasa wa ukarabati, unaingia Safe Mode kwa namba 4, unaandika verifier /reset.

Kitasa

Wakuu. MemTest86 imejaa wekundu ikiwa kwenye mzunguko wa kwanza tu. Ufunguo wa BitLocker niliuandika kwanza, na kweli uliombwa. Je, hii ina maana mazabodi imekufa kwa sababu nusu ya RAM imechomelewa?

Fundi Saketi

Usihukumu bado. RAM zako mbili zinafanya kazi kwa pamoja, anwani zimechanganywa kati yake, kwa hiyo anwani aliyoitaja MemTest haikuambii moja kwa moja ni upande upi. Unatenganisha kwa mkono.

Zima kabisa, chomoa chaji, fungua kifuniko cha chini, tenganisha waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli ukutoke. Fungua vibano vya pembeni, kijiti kitainuka chenyewe kwa pembe, kivute. Rudisha betri, pima tena kwa GB 8 zilizochomelewa peke yake.

Zikitoka safi, rudisha kijiti kilekile, ukikaze hadi vibano vilie, upime mara ya mwisho. Wakati mwingine kilikuwa hakijakaa sawa au sloti ina vumbi, na ni haki kukipa nafasi hiyo kabla ya kukitupa. Wekundu wakirudi, mkosaji umempata. Ila wakitokea hata kijiti kikiwa nje, basi ni zile zilizochomelewa, na hiyo ni kazi ya fundi wa mazabodi mwenye vifaa vya kubadilisha chipu. Windows ina uwezo wa kuambiwa isiguse kurasa fulani za kumbukumbu kupitia amri ya bcdedit, lakini kwenye mashine yenye kazi za watu nisingekushauri uishi hivyo, kwa sababu kumbukumbu iliyoanza kuoza haiahidi kwamba itaishia hapo.

Upepo

Tunasubiri majibu, mkuu.

Kitasa

Bila kijiti: mizunguko yote safi, hakuna kosa. Nikakirudisha, nikakikaza vizuri: wekundu uleule. Nimekitoa. Tangu hapo nafanya kazi kwa GB 8, inaburuta kidogo nikifungua vitu vingi lakini haijaanguka hata mara moja. Kijiti bado kina warantii, nakirudisha. Fundi Saketi na Zumaridi, Mungu awabariki. Nilikuwa najiandaa kununua mashine nyingine.

Fundi Saketi

Nimefurahi sana. Usiondoke lakini, maana kilichobaki ni muhimu kuliko ile bluu. Kijiti hicho kilikuwa kinapitisha kila ulichoandika kwenye diski. Windows yenyewe uliipiga kupitia humo, na huenda baadhi ya faili zake ziliandikwa zikiwa na makosa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
chkdsk C: /f

DISM hurekebisha ghala ambalo sfc huchukulia faili nzima, ndiyo maana inatangulia. Ya mwisho itakuomba ujiwashe upya, kubali. Na baada ya hapo, mambo yakiwa bado yanayumba, hapo ndipo kupiga Windows upya kuna maana, kwa sababu sasa unaipiga kwenye kumbukumbu nzima.

Kijiti kipya kiwe cha aina ileile, DDR4 kwa DDR4 au DDR5 kwa DDR5, haziingiliani. Kasi utaiona kwenye Task Manager, Performance, Memory. Kikifika, kipime kwa MemTest86 kabla hujakifanyia kazi yoyote, kipya pia huja kibovu.

Zumaridi

Na kazi za watu je? Alizinakili kabla ya kutoa kijiti.

Fundi Saketi

Ndiyo sababu nilimwambia asiiandike juu nakala ya zamani. Kitasa, fungua faili muhimu moja moja, usiangalie jina na ukubwa tu, maana faili lililopotoka biti moja lina ukubwa uleule. Picha zipitie hadi chini, nyaraka zifungue hadi ukurasa wa mwisho. Zilizobanwa, zip na rar, zijaribu kwa kitufe cha Test kwenye 7-Zip. Zina hesabu ya ukaguzi ndani yake, zitasema zenyewe kama zimevunjika.

Kwa faili ambazo hazijabadilishwa na mtu tangu nakala ya zamani, linganisha pande mbili kwa certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256. Mistari ikifanana herufi kwa herufi, faili ni lilelile. Isipofanana, jaribu kulifungua pande zote mbili kabla ya kufuta lolote, na kama ni la mteja, mwombe akutumie tena.

Kitasa

Nimekagua zote. Zip moja imekataa kwenye Test, nakala ya zamani imepita. Nimeirudisha hiyo, nyingine ziko sawa. Nakabidhi kazi kesho asubuhi.